Kabla ya kununua antivairasi, uliza nani alikupigia Windows

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu programu za kijasusi ni hili: ninunue antivairasi gani? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani alikupigia Windows, yaani aliyeisakinisha kwenye kompyuta yako, alitumia flashi ya nani, na alizima nini ili kazi yake ikamilike. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo, katikati ya Nairobi au Kampala huondolewa kinga siku ileile zinapotoka dukani, na anayeiondoa hulipwa kwa kazi hiyo. Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, hubaki ikifanya kazi huku imeshaandikiwa orodha ya mahali pa kutogusa.

Mambo huenda hivi. Fundi anasakinisha Windows, kisha ili yale maandishi ya Activate Windows yaondoke kwenye kona ya skrini, anaendesha krak, yaani programu ya kukwepa leseni, ya aina ya KMSpico. Programu hizo huiga seva ya KMS, ambayo mashirika makubwa huitumia kuhalalisha mamia ya kompyuta zao kwa mpigo. Defender huitambua na kuipa jina la HackTool:Win32/AutoKMS, kwa hiyo maelekezo ya krak huanza na hatua moja: zima antivairasi. Si kila krak imebeba jasusi. Shida ni kwamba Defender hupiga kelele kwa iliyobeba na kwa isiyobeba, na mtumiaji ameshafundishwa kwamba kelele hizo ni za kupuuza. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSpico kilivyokuwa kikiingiza Cryptbot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali.

Kujua kama yako ni ya namna hiyo ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Kidirisha kikitaja tarehe ya mwisho, Windows yako imehalalishwa kwa njia ya KMS: kibali chake ni cha siku 180, na krak hubaki ndani ya mashine ikikihuisha kimyakimya. Kwenye kompyuta ya wizara au benki tarehe hiyo ni jambo la kawaida, kwa sababu wana seva yao. Kwenye kompyuta ya nyumbani au ya duka, kwa kawaida hiyo ni krak. Kikisema permanently activated ni dalili njema, ingawa zipo krak za aina nyingine zinazotoa jibu hilohilo.

Hatua ya pili ina uzito zaidi. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bofya Manage settings, shuka hadi chini kabisa kwenye Exclusions. Hapo ndipo huorodheshwa folda na faili ambazo Defender imeambiwa isizikague. Kwa mtumiaji wa kawaida orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda ya krak, iondoe. Ukikuta C:\ nzima, au AppData (folda ambamo programu huweka data zake), au aina ya faili .exe, basi Defender imekuwa pambo tu: alama ya kijani inawaka na hakuna kinachokaguliwa. Programu za kijasusi zinajua kujiandika humo zenyewe pale tu zinapopata haki za msimamizi (administrator). Ukurasa huohuo una swichi ya Tamper Protection, inayozuia programu nyingine kuizima Defender. Ikiwa imezimwa, mtu aliizima, maana kwenye Windows ya nyumbani huja ikiwa imewashwa.

Kinachoudhi katika habari hii ni kwamba krak nyingi hazikuhitajika hata kidogo. Laptop zilizotumika zinazoingia kutoka Ulaya, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad za maofisini, kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro, na tangu enzi za Windows 8 ufunguo wa leseni ya kiwandani huandikwa ndani ya ubao mama wenyewe. Fungua PowerShell, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey, bonyeza Enter. Zikitokea herufi na tarakimu 25, una ufunguo wako na uliulipia ndani ya bei ya mashine. Kama mashine ilitoka na Windows 10 Pro, ukisakinisha upya toleo hilohilo inajihalalisha yenyewe ikipata intaneti, bila krak na bila kumwomba mtu. Mambo huharibika pale fundi anapotembea na flashi moja yenye Windows Enterprise na kuipiga kwenye kila mashine: ufunguo wa Pro haufungui Enterprise, alama inatokea kwenye kona, na krak inaonekana kama njia pekee. Ukweli ni kwamba flashi ndiyo isiyofaa. Kwa upande wa Office, wanaoandika barua na kupiga hesabu za kawaida wanatoshwa na LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Twende kwenye kinasa-vitufe chenyewe, yaani jasusi anayerekodi kila unachobonyeza kwenye kibodi. Windows huruhusu programu yoyote inayoendeshwa kwenye akaunti yako kuomba ijulishwe kila kitufe kinapobonyezwa. Ruhusa hiyo ina kazi halali, kwa mfano programu za njia za mkato au zile za kubadili lugha ya kibodi. Kinasa-vitufe hutumia ruhusa hiyohiyo, hakivunji chochote na hakihitaji haki za msimamizi. Apple waliweka kizuizi hapa mwaka 2019 kwa macOS Catalina: programu inayotaka kusoma vitufe vya programu nyingine lazima mtumiaji aikubalie kwenye mipangilio. Windows haina swali hilo.

Kwa hiyo ushauri wa kutumia akaunti ya kawaida badala ya ya msimamizi hueleweka vibaya. Akaunti ya kawaida haizuii kinasa-vitufe kusoma unachoandika ndani ya akaunti hiyo. Inachozuia ni kingine: kujiandika kwenye Exclusions, kuzima Defender, kusakinisha draiva (programu inayoendesha kifaa cha kompyuta), kujificha kama huduma ya mfumo, na kuingia akaunti za watu wengine kwenye mashine ileile. Jasusi aliyefungiwa ndani ya akaunti moja huonekana na huondoka kirahisi. Aliyepewa haki za msimamizi hana haja ya kuondoka.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mpaka kati ya draiva na jasusi ulivyo mwembamba. Mei 2017 kampuni ya Uswisi ya modzero ilitangaza kwamba draiva ya sauti ya Conexant kwenye baadhi ya laptop za HP ilikuwa ikinasa kila kitufe. Programu ya MicTray64.exe iliwekwa isikilize kitufe cha kuzima maikrofoni, lakini kwa uzembe wa walioiandika, toleo mojawapo lilikuwa likiandika vitufe vyote, nywila zikiwemo, kwenye faili la wazi C:\Users\Public\MicTray.log. Hakukuwa na mwizi. Palikuwa na daftari ambalo mwizi yeyote angeweza kulisoma. HP walitoa marekebisho. Miongoni mwa mashine zilizotajwa ni EliteBook 840 G3, na hiyo imejaa kwenye maduka yetu ya kompyuta zilizotumika. Kama unayo, angalia folda ya Public. Ukikuta faili hilo, lifute na usasishe draiva ya sauti kutoka tovuti ya HP.

Mashine hiyohiyo ina tatizo la pili. Prosesa yake ni ya Intel kizazi cha sita, na Windows 11 inadai kuanzia cha nane. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa ESU unaoongeza masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe mwenyewe kupitia Windows Update. Baada ya hapo, mwenye mashine ya namna hiyo ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari na LibreOffice afikirie kwa uzito Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Baada ya krak, njia kuu ya pili ya jasusi kuingia ni barua pepe, na hapa wanaoumia zaidi ni waagizaji wa bidhaa, mawakala wa forodha na wahasibu, kwa sababu kazi yao ni kufungua viambatisho vya watu wasiowajua. Vinasa-vitufe kama Agent Tesla, iliyopo tangu 2014, na Snake Keylogger, iliyojitokeza 2020, huja vimevaa sura ya profoma, ombi la bei, nakala ya malipo ya SWIFT au notisi ya mzigo. Kiambatisho ni kifurushi cha .rar, .iso au .img, ndani yake kuna faili lenye picha ya PDF na jina kama PROFORMA INVOICE.pdf. Jina kamili ni PROFORMA INVOICE.pdf.exe, ila Windows huficha kile kipande cha mwisho. Kifichue: kwenye File Explorer bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Kwenye Windows 10 ni kisanduku kilichoko chini ya View. Hatua hii ya sekunde kumi haigharimu chochote na inaua ujanja mmoja kabisa, na bado ni nadra kuiona kwenye kompyuta za ofisi.

Mlango mwingine wa Agent Tesla ni udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2017-11882, uliokuwa kwenye kihariri cha milinganyo cha Office, programu iliyotengenezwa mwaka 2000. Microsoft waliuziba Novemba 2017, na Januari 2018 wakakiondoa kihariri chenyewe. Miaka mingi baadaye wezi waliendelea kuutumia, kwa kuwa Office ya krak ambayo masasisho yake yamezimwa ili krak isiharibike haikuwahi kupata marekebisho hayo. Tafuta EQNEDT32.EXE ndani ya Program Files (x86), Common Files, Microsoft Shared, EQUATION. Ikiwa ipo, Office yako haijasasishwa tangu kabla ya 2018, na kufungua hati moja ya Word tu kunatosha kukuingizia jasusi bila wewe kubofya kitu kingine.

Vinasa-vitufe vya aina hii hupeleka mavuno yake kwa barua pepe, kwa FTP (njia ya kuhamisha faili mtandaoni) au kupitia Telegram. Vile vya barua pepe unaweza kuvishtukia. Fungua Command Prompt, andika netstat -ano | findstr ":587" na urudie mara kadhaa kwa vipindi. Lango la 587 ni la kutuma barua pepe. Kama hutumii Outlook wala Thunderbird, hakuna sababu ya programu yoyote kuzungumza humo. Namba iliyo mwisho wa mstari ni PID, namba ya utambulisho wa programu inayoendeshwa. Itafute kwenye Task Manager, sehemu ya Details, uone ni ya nani. Usipoona kitu usijipongeze, kwani kinachopitia Telegram hutumia lango la 443 kama tovuti nyingine zote.

Wizi wa kisasa, hata hivyo, hausubiri uandike. Programu za wizi kama RedLine na Lumma huingia, hukusanya nywila zote ulizoihifadhisha Chrome pamoja na vidakuzi (cookies) vya akaunti zilizo wazi, hutuma na mara nyingine hujifuta, yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kidakuzi ndicho kinachouma zaidi: ni uthibitisho kwamba umeshaingia, kwa hiyo anayekichukua haombwi nywila wala ule msimbo wa SMS. Google walianza kuvifungia vidakuzi kwa usimbaji wa ziada kwenye Chrome 127 ya mwaka 2024, na haikuchukua muda watengenezaji wa programu hizo wakapata njia ya kuuzunguka. Mei 2025 Microsoft na washirika wake walipoivunja mitambo ya Lumma, walikuwa wamehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa kwa miezi miwili tu.

Lumma ilienezwa sana kwa mbinu ya ClickFix. Ukurasa unakuomba uthibitishe kwamba wewe si roboti, kisha unaelekeza: bonyeza Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Tovuti imeshaweka amri kwenye ubao wa kunakili bila wewe kujua, na wewe unaiendesha kwa mkono wako. Tofauti na slmgr tuliyoiandika hapo juu ni kwamba ile uliicharaza herufi kwa herufi ukijua inauliza nini. Hakuna uthibitisho halali wa ubinadamu unaohitaji dirisha la Run.

Ukielewa kwamba mwizi wa leo hategemei vitufe vyako, utaona kwa nini kibodi ya skrini, inayosifiwa kila siku, ni kinga ya zamani. Zeus, programu ya wizi iliyojulikana tangu 2007, ilikuwa ikipiga picha ya skrini kila panya ilipobofya, na zaidi ya hapo ilichukua fomu ndani ya kivinjari kabla haijasimbwa. Kufuli ya HTTPS hulinda data ikiwa njiani. Zeus ilikuwa imekaa kabla ya njia kuanza. Kwa wanaotumia saiba kuingia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), kuomba mkopo wa masomo au kujaza ritani za kodi, hitimisho ni gumu lakini ni la kweli: kwenye kompyuta usiyoitawala hakuna ujanja wa kuandika nywila salama. Dirisha la faragha hufuta historia, halimzuii anayenasa. Ingia kwa simu yako mwenyewe, pakua hati, mtumie mhudumu PDF achapishe. Ikibidi kutumia mashine ya saiba, ukifika kwenye simu yako toka kwenye vifaa vyote na ubadilishe nywila siku hiyohiyo.

Saiba na kaunta za malipo ndizo pia makao ya vinasa-vitufe vya chuma: kipande kidogo kinachokaa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB nyuma ya kompyuta, chenye kumbukumbu yake, vingine vikiwa na Wi-Fi. Antivairasi haikioni kwa sababu kwa kompyuta hicho ni kibodi tu. Kinga yake ni kuufuata waya kwa kidole hadi mwisho kila asubuhi, na kuigeuza CPU ili mgongo wake uonekane. Kumbuka pia nani hubaki ofisini usiku. Mwaka 2004, kwenye tawi la London la benki ya Kijapani ya Sumitomo Mitsui, aliyewafungulia wezi alikuwa mlinzi. Vitufe vya wafanyakazi vilinaswa, na wezi wakajaribu kuhamisha zaidi ya pauni milioni 200 kabla ya kukwama.

Ujasusi wa serikali ni mchezo mwingine. Ripoti ya Oktoba 2015 ya Privacy International, shirika la kutetea faragha, ilieleza operesheni iliyoitwa Fungua Macho nchini Uganda, ambapo programu ya kijasusi ya FinFisher ilitumika baada ya uchaguzi wa 2011 dhidi ya wapinzani, huku mitandao ya hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka ikilengwa. Serikali ilikanusha. Mwandishi au wakili anayehisi yuko kwenye shabaha ya namna hiyo asiifanyie mashine usafi: aizime, aiweke, aipeleke kwa wataalamu wa uchunguzi, kwa kuwa kusafisha ni kufuta ushahidi. Na kwa wanaojiona ni wapelelezi wa ndoa zao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 hazina msamaha wa mume au mke.

Kwa sisi wengine, ukishuku umeingiliwa, kosa linalorudiwa kila mara ni kubadilisha nywila kwenye mashine ileile. Unampelekea mwizi nywila mpya kabla hujamaliza kuziandika. Chomoa intaneti. Chukua simu au kompyuta nyingine safi, anza na barua pepe, kwa maana ndiyo inayofungua zote: badilisha nywila, toka kwenye vifaa vyote, kisha kagua kama kuna kanuni ya kusambaza barua zako kwenda anwani usiyoijua. Wezi wa ankara hupenda kuiacha hiyo ili waendelee kusoma hata baada ya kufungiwa, wakisubiri siku ya malipo watume namba nyingine ya akaunti. Kisha benki, kodi, mitandao ya kijamii. Weka paswakii (passkey), njia ya kuingia bila kuandika nywila, pale inapokubaliwa, kwani haina cha kunaswa kwenye vitufe.

Mashine yenyewe unaweza kuipitishia Microsoft Defender Offline, iliyo chini ya Scan options. Huwasha kompyuta nje ya Windows na kukagua kwa kama dakika 15. Ikipata kitu, au ikiwa ilikuwa na krak tangu mwanzo, usibishane nayo. Piga Windows upya. Flashi ya GB 8 au zaidi, Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kukrakiwa. Nakili hati, picha na lahajedwali, acha .exe, .msi, .bat, .js, .lnk na kila .rar ya programu. Usichague njia ya kubakiza faili. Ukifika kwenye orodha ya diski, hakikisha nakala zako zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo ufute sehemu zote za diski hiyo na uache kisakinishi kijipangie.

Ikimaliza, sasisha hadi Windows Update iseme hakuna kilichobaki, kisha ndipo uweke programu nyingine. Tengeneza akaunti mbili: ya msimamizi, yenye nywila yake, ambayo huiingii kwa kazi za kila siku, na ya kawaida kwa ajili yako, karani au mtoto. Akija fundi wa printa akaomba nywila ya msimamizi, usimtajie. Icharaze mwenyewe, na ubaki kwenye kiti kilicho karibu hadi amalize.